Ngazi ya Mita Kumi, Ukuta wa Mita Ishirini

Vidole vyake vilikuwa kumi kama vya watu wengine, ila vilifanya kazi ya thelathini. Enzi za taipureta, mashine yake ilipiga kelele hata kuku wa nyumba ya tatu wakazoea kutaga kwa mdundo wake, na Jumapili, duka likifungwa, hawakutaga. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliapa kwamba aliwahi kumwona akichapa barua ya posa kwa mkono wa kulia na barua ya talaka kwa mkono wa kushoto, za watu wawili tofauti, na majina hakuchanganya. Ukiamini, amini, usipoamini, vidole si vyako. Mtaa mzima ulimwita Bi Vidole. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti, halina wa kuliita.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuongea na wateja, meza mbili, benchi ambalo mguu wake mfupi uliwekewa kigae, na kabati la chuma lenye droo nne. Ukutani ilining'inia kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Hakuitoa, kwa kuwa picha yake ya maporomoko ya maji ilimburudisha wakati wa joto.

Shule aliiacha darasa la sita. Bibi yake aliugua siku ya Ijumaa, naye akatolewa darasani kwenda kumuuguza. Jumatatu yake x wa aljebra akaingia darasani. Wakapishana mlangoni kama mwenye nyumba na mwizi. Wenzake walipokuwa wakipita jioni na kumsimulia habari za x, alidhani ni mwanafunzi mpya, mtundu kweli kweli, anayetafutwa kila kipindi na haonekani. Aliwauliza kama wazazi wake wamepewa taarifa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani, naye akacheka pamoja nao ili asionekane amebaki nyuma. Bibi alipona baada ya miaka miwili. Kiti cha darasani kilikuwa kimeshapata makalio mengine.

Mwalimu alimjia mwaka ambao kichwani mwa Bi Vidole mlikuwa na mvi tatu tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Alifundisha hesabu sekondari, na kila muhula alitaka kutoa kijitabu cha maswali mia moja ya aljebra na trigonometria, yote yakiwa yametatuliwa mwanzo hadi mwisho, ili mtoto asiye na wa kumuuliza nyumbani aiulize karatasi.

"Wachapaji wawili wamenikataa," alisema. "Wanadai alama zangu zinawaumiza macho."

"Mimi macho hayaniumi," akajibu Bi Vidole. "Ila nikwambie mapema, Mwalimu, sielewi hata moja."

"Ndiyo ninavyotaka. Anayeelewa nusu ataanza kunisahihisha."

Wanafunzi walimwita Mwalimu Hatua, kwa sababu ya lile neno lake, "Usiruke hatua!" Alilipaza kwa nguvu hivi kwamba njiwa wa juu ya paa la darasa lake, ati, waliacha kuruka wakawa wanatembea. Walimu wengine walikimbia kutoka swali hadi jibu kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Yeye alipita kila kijiti cha ngazi:

3x + 7 = 22
3x + 7 − 7 = 22 − 7
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

"Watu husema saba ikivuka upande wa pili inageuka," alimwambia siku moja akiwa ameketi kwenye benchi, akingoja karatasi zikauke. "Haigeuki, Bi Vidole. Hapa hakuna uchawi. Umetoa saba huku, umetoa saba kule."

"Kumbe ni kama mapacha. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzie, la sivyo hamlali."

Mwalimu akamgeukia. "Nimesomea ualimu miaka mitatu," alisema, "na hakuna aliyenieleza hivyo."

Maneno hayo Bi Vidole aliyaweka moyoni, mahali ambapo wengine huweka maneno ya mchumba.

Kuchapa hesabu kwa taipureta kulikuwa vita. Mashine haikuwa na ile mbili ndogo ya kipeo, kwa hiyo alinyanyua rola nusu mzunguko, akagonga, akairudisha. Alama ya kipeuo aliichora kwa kalamu ya chuma juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, akibana pumzi, kwani mkono ukiteleza nta inachanika na ukurasa mzima unarudiwa. Pembetatu alizichora kwa rula na ncha ya sindano. Baadaye kompyuta ikaja, vita ikawa ndogo, lakini Mwalimu aliendelea kuandika kwa mkono, na Bi Vidole akaendelea kuzihifadhi zile karatasi droo baada ya droo, muhula baada ya muhula. Miaka ishirini na miwili. Alizijua hatua za yule bwana kama mtu anavyoujua wimbo wa lugha asiyoisema: hajui wanamlilia nani, lakini ukiacha mstari anashtuka.

Mke wa Mwalimu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua kuta, alimwita wifi. "Mume wangu anakuja kwako kuliko anavyokwenda kwa dada zake wa tumbo moja," alikuwa akisema. "Basi wewe ndiye wifi wa kweli. Wale wengine ni wifi wa harusi na misiba." Na binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alimwita shangazi.

Mwalimu alistaafu, kijitabu hakikustaafu. Mvi zikawa zimeshinda uchaguzi kote kichwani mwa Bi Vidole. Ndipo muhula mmoja akaweka karatasi kwenye kishikizo, akaanza kuchapa, vidole vikasimama vyenyewe:

3x + 7 = 22
x = 5

Jibu lilikuwa sahihi. Mwalimu yeyote mwingine angeandika hivyo na asiulizwe. Lakini huyu, haki ya nani, ilikuwa kama kumwona ametoka barabarani bila suruali. Bi Vidole akageuza karatasi, labda hatua ziko nyuma. Hazikuwepo. Akajisemea mzee amechoka, akazichapa zile tatu zilizokosekana, akaendelea.

Kijitabu kilichofuata zilikosekana hatua kumi na moja. Swali la sitini lilikuwa ni lile lile la hamsini na nane, na la hamsini na nane ni lile lile la hamsini na tano. Kisha akafika kwenye ngazi.

Ngazi yenye urefu wa mita 10 imeegemea ukuta. Pembe kati ya ngazi na ardhi ni nyuzi 30. Ngazi imefika ukutani kwa kimo gani? Chini yake, kwa mwandiko uliokuwa umeanza kuporomokea kulia, Mwalimu alikuwa ameandika: 10 ÷ sini 30. Halafu: 10 ÷ 0.5. Halafu: mita 20.

Bi Vidole alicheka kwanza. Ngazi ya mita kumi imefika mita ishirini! Hata fundi rangi mlevi asingeikubali ngazi hiyo. Alitaka amwite fundi viatu waicheke pamoja. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akakaa akiitazama ile ishirini, iliyopigiwa mistari miwili chini kama Mwalimu alivyopigia majibu yake yote, mistari iliyonyooka, ya mtu asiye na wasiwasi.

Akafungua droo. Alitafuta nusu saa akapata ngazi nyingine, ya miaka tisa nyuma, ya mita 8, yenye nyuzi zile zile.

sini 30 = kimo ÷ urefu wa ngazi
0.5 = h ÷ 8
0.5 × 8 = h ÷ 8 × 8
4 = h

Akaziweka karatasi mbili sambamba. Palipo na nane akaweka kumi. Nusu ya kumi, tano. Hakuamini, akachukua rula yake ya sentimita thelathini, akatia alama ya sentimita kumi na tano kwenye kabati, akaiegemeza hapo, akailaza taratibu mpaka ncha ya juu ikafika kwenye alama, akaitazama kwa ubavu. Ilikuwa imelala vivyo hivyo kama kwenye mchoro wa ile karatasi ya zamani. Upande mrefu ulioegama, nusu yake ndicho kimo. Akairudia. Akaondoa rula akaweka mpini wa ufagio.

Mwenzangu, usimhukumu kabla hujamwona uso. Alisikia raha. Miaka arobaini na kitu baada ya ile Jumatatu, x alikuwa amebisha hodi mwenyewe na kumkuta yupo. Akachapa: mita 5. Karatasi yenye ishirini akaiweka droo ya chini kabisa.

Juma moja baada ya kijitabu kutoka, Mwalimu alikuja dukani. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama, kijitabu mkononi, kidole kikiwa ndani ya ukurasa.

"Bi Vidole, hizi hatua umeweka wewe?"

"Mashine imeziweka, Mwalimu. Siku hizi mashine zina akili."

Mwalimu akacheka, akaketi, na akiwa bado anacheka machozi yakamteremka hadi kwenye kola. "Na ile ngazi?"

"Ile pia mashine."

"Ilikuwa ngapi?"

Angeweza kusema uongo hapo, na huenda uongo huo ungekuwa wa huruma. Akasema, "Ishirini."

Nje fundi viatu alikuwa akigonga soli, ko, ko, ko. "Sikuiona," alisema Mwalimu. "Niliisoma mara nne nikaona iko sawa. Kuna kitu kinafuta, Bi Vidole. Naandika ubaoni mbele, na mtu anafuta nyuma yangu." Akamshika mkono, yeye ambaye kwa miaka ishirini na miwili alisalimiana naye kwa kichwa tu. "Usimwambie mama watoto. Wakijua watanipokonya kalamu, na mimi bila kalamu ni mzee wa kuota jua. Niahidi."

Akaahidi. Ahadi siku ya kutolewa haina uzito wowote.

Vijitabu viwili zaidi vilitoka hivyo. Cha mwisho, nusu nzima kilikuwa cha Bi Vidole. Mwalimu alileta swali bila hatua, au hatua bila swali, au ukurasa ulioanza na x kipeo cha pili ukaishia na majina ya wanafunzi wa zamani, na mbele ya kila jina alama ya usawa isiyo na kitu upande wa pili. Bi Vidole alifungua droo zake kama mpishi anayefungua makopo. Alijifunza kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni sita na jumla yake ni tano, akazipata, mbili na tatu, akazifunga ndani ya mabano, akapiga makofi peke yake dukani. Barua za watu zilingoja. Vijitabu vikaenda shuleni, na mwalimu mmoja kijana akatuma salamu kwamba havijawahi kuwa wazi namna hii. Salamu hizo alizipeleka kwa Mwalimu, naye akazipokea akitazama miguu yake.

Nyumbani kwa Mwalimu mambo mengine yalikuwa yakienda mrama. Siku moja Bi Vidole alipeleka nakala mpya, akamkuta binti muuguzi amekuja, na chai iko mezani, na hakuna anayeinywa. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akifunga na kufungua kifungo kimoja cha shati.

"Mama, juzi Baba alitoka kwa kinyozi akaenda kugonga nyumba tuliyohama miaka kumi na tano iliyopita," binti alikuwa akisema. "Mwenye nyumba ndiye aliyenipigia simu. Na viatu ndani ya pipa la maji je?"

"Viatu vilikuwa na tope."

"Mama! Apimwe tu. Na asitoke peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Midomo yako!" Mke wa Mwalimu akainuka, akanyakua kijitabu kutoka mikononi mwa Bi Vidole, hata salamu hazijaisha, akakibwaga mezani vikombe vikaruka. "Hiki hapa! Kimetoka leo, bado kina joto la mashine. Maswali mia moja, hakuna kosa! Wewe uliyepata sifuri ya hesabu na kulia siku mbili, ndiye wa kuniambia baba yako amepotewa na akili? Mtu aliyepotewa na akili anaweza haya?"

Binti akakifungua kijitabu, akakitazama ukurasa mmoja, wa pili. Hesabu hazikuwa upande wake tangu utotoni. Akainua uso.

"Shangazi, wewe ndiye unayeziona karatasi zake kabla ya mtu yeyote. Hebu sema wewe. Zikoje?"

Bi Vidole alihisi macho ya Mwalimu kutoka dirishani. Hayakuwa ya kuomba, yalikuwa ya mtu anayesubiri kusomewa matokeo. Mke wa Mwalimu alikuwa ameshika kiuno, uso umejaa ushindi, na chini ya ushindi kulikuwa na hofu nene kama uji, maana hakuna anayepiga kelele hivyo akiwa na uhakika.

"Ziko kama kawaida," alisema Bi Vidole.

"Umesikia!" mke wa Mwalimu akamgeukia binti yake. "Asante, wifi. Kunywa chai."

Alikunywa. Ilikuwa na sukari vijiko vitatu na haikuwa na ladha. Angesema nini? Kwamba ameahidi? Na lile jambo jingine je, lililokaa chini ya ahadi, kwamba akisema, karatasi zitakoma kuja, na x atatoka kwa mlango ule ule alioingilia? Alijikaza kisabuni, akaaga mapema. Binti akamsindikiza hadi barabarani, na kesho yake akarudi kazini kwake, mji wa mbali.

Siku ya kumi na mbili baadaye, saa sita ya mchana, Mwalimu alichukua jalada lake la karatasi, akamwambia mkewe anakwenda kwa Bi Vidole. Mkewe alimnyoosha kola, akamwacha aende. Kutoka mlango ule hadi dukani ni mwendo wa dakika nane: unapita kinu cha unga, unakata kushoto kwenye nguzo ya umeme, umefika.

Saa kumi alasiri mke wa Mwalimu alitokea dirishani pa duka akihema, mkono umeshika kitambaa kilichofunika sahani.

"Wifi, maongezi yenu hayo ya leo ni marefu. Mwambie kaka yako aje ale, au ale hapa hapa, mimi nimechoka kupasha chakula."

"Hajafika," alisema Bi Vidole.

Walitazamana kupitia nondo za dirisha. Mke wa Mwalimu akaiacha sahani dirishani, akakimbilia barabarani.

Walimpata siku ya pili, jioni. Wavunja kokoto ndio waliomwona, huko machimboni nje kabisa ya mji, ndani ya shimo ambalo kijana akianguka haliwezi kumuua, ila mzee linamtosha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Jalada alikuwa amelikumbatia kifuani, na mvunja kokoto mmoja alisema walipotaka kulichukua wambebe vizuri aliwang'ata.

Hospitali daktari alimpima nyonga, kisha akampima na kichwa. Alimwuliza mwaka gani, akamwambia achore saa. Baadaye akatoka kwenye korido, akamwuliza mke wa Mwalimu hali hii ilianza lini.

"Haikuanza," alisema mama wa watu. "Daktari, huyu alianguka tu. Wiki mbili zilizopita alitoa kitabu." Na kweli alikuwa nacho kwenye mkoba, akakitoa.

Bi Vidole alikuwa ameketi mwisho wa benchi lile lile. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa sandarusi. Tangu alfajiri alikuwa ameubeba, akaupeleka hadi getini, akaurudisha, akaupeleka tena. Sasa akausogeza kwa mguu mpaka ukagusa viatu vya daktari.

"Ilianza mwaka mmoja na nusu uliopita," alisema. "Kila kitu kimo humu. Kwa mwandiko wake."

Mke wa Mwalimu aliinama akachomoa karatasi moja, nyingine, nyingine. Hesabu hakujua, lakini mwandiko wa mume aliuona ukiporomoka kurasa kwa kurasa. Akachukua kijitabu, akakiweka karibu na karatasi, akatazama huku, akatazama huku. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

"Hizi za kitabuni kaandika nani?"

"Mimi."

"Mimi nilimtetea kwa kitabu hiki." Sauti yake, ile ya kupasua kuta, ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyefungiwa nje. "Nilimtukana mwanangu kwa kitabu hiki. Kila nilipomwona amesimama katikati ya chumba hajui alichofuata, nilifungua kitabu hiki nikajiambia, yuko, bado yuko. Kumbe nilikuwa nakuangalia wewe."

"Aliniomba nisiseme."

"Alikuwa mgonjwa! Wewe ulikuwa na nini?"

Jibu Bi Vidole alikuwa nalo, lakini halikuwa la kumpa mtu kwenye korido.

Daktari alikohoa, akasema maradhi haya hata yangejulikana mapema hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. "Ila asingeachwa kutembea peke yake," akaongeza, na alipoona nyuso zao, alitamani angeliishia kwenye lile la kwanza.

"Nenda," alisema mke wa Mwalimu. Hakusema wifi.

Miezi mitatu Bi Vidole hakukanyaga nyumba ile. Alichapa barua za watu, maombi ya kazi, matangazo ya vyumba vya kupanga. Fundi viatu alivuka barabara akamwuliza mbona kuku wa jirani siku hizi wanataga mayai madogo, akakosa hata tabasamu. Shule zilituma mtu kuulizia kijitabu cha muhula mpya. "Mwandishi wake ameacha kuandika," aliwaambia, na walipomwambia amalizie yeye, kwa kuwa wanasikia anaweza, alifunga dirisha.

Kisha siku moja asubuhi binti muuguzi, aliyekuwa amechukua likizo kumuuguza baba yake, alisimama mlangoni. Hakusalimia vizuri. "Mama anasema uje. Baba hali chakula. Anakwaruza ukuta kwa ukucha, anaandika namba. Tukimwekea karatasi anaitupa. Mama anasema labda wewe."

Mwalimu alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mto mgongoni. Aliyekuwa mrefu alikuwa amekuwa mfupi. Ukuta kando ya kitanda ulikuwa umekwaruzwa chokaa mpaka tofali. Mke wake alisimama mlangoni, mikono kifuani, hakutoka wala hakuingia.

Bi Vidole akavuta stuli. Akatoa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akiisoma kwa sauti.

"Mbili x, jumlisha tatu, ni sawa na kumi na moja. Haya, Mwalimu. Tufanye nini?"

Macho ya Mwalimu yalipita juu ya karatasi kama nzi asiyejua pa kutua.

"Tunatoa tatu huku," alisema Bi Vidole. "Na kule?"

Ukucha ukaendelea kukwaruza chokaa.

"Na kule tunatoa tatu. Inabaki mbili x, sawa na nane. Sasa tunagawanya kwa mbili huku. Na kule tunagawanya kwa mbili. Inabaki x peke yake. Ni nne." Akapiga mistari miwili chini ya nne.

Vidole vya Mwalimu viliacha kukwaruza. "Nyingine," alisema.

Akafanya nyingine. Akafanya ya mabano. Akachora ukuta, akachora ngazi, na alipofika kwenye tano binti alikuwa ameleta bakuli la uji, na kati ya hatua na hatua Mwalimu alifungua mdomo akameza, bila kujua kama anakula. Bakuli liliisha.

"Unafanya vizuri," alimwambia Bi Vidole kwa adabu, kama mtu anavyomsifu mgeni. "Nani amekufundisha?"

"Mwalimu mmoja."

"Ni mwalimu mzuri huyo. Yuko wapi siku hizi?"

Bi Vidole alihisi mtu pale mlangoni ameacha kupumua. Lilikuwapo jibu jepesi, tamu, tayari kabisa mdomoni. Angelisema, mzee angelitabasamu, na kila mtu angelipata pa kushika.

"Amepotea," alisema. "Nilimwona anapotea kidogo kidogo, Mwalimu. Nilimwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliulizwa, nikasema hajapotea."

Mwalimu akawaza. "Ulifanya vibaya," alisema.

"Ndiyo."

"Maskini. Ana watu wake?"

"Anao."

Akatikisa kichwa, ameridhika au amesahau alichouliza, akageukia dirisha, akasinzia. Bi Vidole akakusanya karatasi zake, akainuka. Mke wa Mwalimu hakusogea mlangoni mpaka walipokuwa uso kwa uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Kesho usije," alisema.

Bi Vidole akainamisha kichwa.

"Kesho anaogeshwa na kunyolewa, hatatulia. Njoo keshokutwa, kabla ya saa nne. Uji anaukubali ukiwa wa vuguvugu."

Alikuja keshokutwa, na siku zilizofuata, miezi minne, hadi Mwalimu alipofariki. Mwalimu hakuuliza tena yule mwalimu yuko wapi.